Nilibadilisha Jina Moja Tu

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilivyofukuzwa kazi ya ualimu kwa kuwaandikia watahiniwa miradi yao ya mtihani. Wanajua pia kwamba sikujifunza. Nilirudi nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Kisumu, nikaanza kuwaandikia watu wazima kazi zao za chuo kwa malipo, nikitumia laptopu ya mke wangu.

Wiki jana niliishia pale laptopu hiyo ilipotoa mlio kama wa panya aliyebanwa mlangoni, kioo kikawa cheusi, nami nimebakiza siku kumi kumkabidhi mteja mmoja tasnifu nzima ya shahada ya uzamili. Sikuwa nimeandika hata ukurasa.

Leo nasimulia nilichofanya baada ya hapo. Ukinichukia ukifika mwisho, hutakuwa umenitangulia.

Kwanza ujue laptopu ile ilikuwa nini kwa Hadiya, mke wangu.

Hadiya anafundisha shule ya msingi. Kwa miaka mitatu amekuwa akisomea uzamili wake wikendi. Utafiti wake ni juu ya akina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Kila Jumamosi alikaa nao kando ya makarai ya mafuta, laptopu mapajani, akiandika wanayomwambia.

Walimwambia mengi. Nani alilazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Nani alitoka huko na ugonjwa. Nani mumewe hajui mpaka leo.

Aliandika kwa majina yao halisi ili asichanganye, akipanga kuyabadilisha mwishoni. Aliwaahidi kwamba hakuna neno litakalotoka kwenye mashine ile kabla hajawasomea wenyewe wakakubali. Kwa ajili ya ahadi hiyo hakuweka nakala popote.

Basi kesho yake asubuhi tuliibeba tukaenda Kondele, kwa Wangui.

Wangui ni fundi wa kompyuta, mama wa makamo kutoka Nyeri aliyekuja Kisumu kufanya biashara akakaa. Kibanda chake ni chembamba, lakini meza yake ni safi kuliko ya daktari. Alifungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akainua mgongo wa ile laptopu.

Harufu ilitufikia kabla hatujatazama.

Ndani mlikuwa na mafuta ya samaki yaliyoganda rangi ya usaha. Magamba yalikuwa yamenasa humo. Nywele za mke wangu zilijizungusha kwenye feni hadi ikawa kama kitu kilichokufa maji. Wangui alipochomoa betri, mende walitoka chini yake, wakubwa na wadogo weupe, wakamtambaa vidoleni. Aliwapangusa kwa kitambaa.

Mimi nilitoka nje nikatema mate mara tatu.

Niliporudi alikuwa akimweleza Hadiya kwamba diski ni nzima, kazi yake yote imo. Tatizo ni bodi, imeshika kutu upande mmoja, na feni imekufa. Inatengenezeka, ila kuna kipande cha kuagiza Nairobi, kwa hiyo wiki moja, pengine zaidi.

Nilisema itupwe, tutafute mpya. Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa.

"Mwalimu, hata mimi nauza mpya," Wangui alinijibu. "Ziko hapo nyuma yako. Nikikuambia ununue, nitakula vizuri zaidi leo. Lakini hii ilitengenezwa ifunguliwe. Hizo za bei ya chini zimegundishwa. Ikikufa, umezika."

Hadiya alisema itengenezwe. Hakunitazama.

Njia nzima ya kurudi nilimsumbua. Nilimwambia anang'ang'ania jeneza la mende. Nilimwambia nimechoka kulala chumba kimoja na harufu ya Obunga. Tulipofika mlangoni akageuka.

"Baba Afnan, hayo mafuta ni ya akina Mama Dorca. Walinikaribisha kwa jiko lao wakifanya kazi. Ulitaka niwaambie wazime moto nikija?"

Niliingia ndani nikanawa mikono mpaka sabuni ikaisha.

Sasa niwaeleze juu ya yule mteja.

Anaitwa Bildad. Ni mtu wa Awasi, mnene wa shingo, meneja katika shirika dogo linalosema linawasaidia wauza samaki wa ufuoni. Kiti cha mkurugenzi kilikuwa wazi, na bodi ilitaka mtu mwenye uzamili. Bildad alikuwa amejiandikisha chuo kimoja cha mbali, ambacho sitakitaja, na hakuwahi kufungua kitabu.

Aliniita tukutane kwenye vibanda vya samaki karibu na ziwa. Nilimkuta na samaki mzima wa ngege mbele yake. Alikuwa amelifyonza jicho, akalitema gamba lake pembeni mwa sahani, halafu akanipa mkono uleule.

Nilimweleza kwamba mashine imeharibika, iko kwa fundi, nahitaji muda. Akacheka akiwa bado anatafuna.

"Bwana Mwalimu, mtu wa akili kama wewe, na vitu vya kutengeneza-tengeneza? Tupa hiyo takataka. Nitakununulia mpya kabisa, bado iko kwa nailoni. Wewe nipe kazi Ijumaa."

Nilimwambia Ijumaa haiwezekani, hata mada hatujakubaliana. Akaunyonya mfupa, akafikiri kidogo.

"Andika juu ya hao akina mama wa samaki. Si ndio tunasaidia? Nani ataniuliza?"

Hakumjua Hadiya. Sijawahi kumleta mteja nyumbani, wala kumwambia mteja yeyote mke wangu anasomea nini.

Niliposikia maneno yale, nilijua papo hapo nitakachofanya. Nasema hivi kwa sababu watu wakikiri hupenda kudai walivutwa polepole, hatua kwa hatua, mpaka wakajikuta wamezama. Mimi hakuna aliyenivuta. Samaki wake alikuwa hajageuzwa upande wa pili, nami nilikuwa nimeshakubali moyoni.

Nilikwenda moja kwa moja Kondele nikiwa na flashi mfukoni.

Nilimwambia Wangui kwamba Hadiya ana wasiwasi, ameomba kazi yake itolewe kwanza iwekwe pembeni kabla bodi haijaguswa. Wangui aliacha alichokuwa akifanya.

"Mama mwenyewe amesema?"

"Ndiye aliyenituma."

Alinitazama kidogo. Kisha akaichomeka diski kwenye kompyuta yake, akanitolea mafaili yote. Niliposhika flashi ilikuwa na mafuta, au nilidhani ina mafuta. Niliifuta kwenye suruali.

Nilikaa mjini kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, siku nzima nikisoma.

Nilisoma kurasa mia moja na arobaini za mke wangu. Nilikuwa sijawahi kuzisoma. Miaka mitatu alikuwa akiniomba nimpitie sura moja tu, nami kila mara nilikuwa na kazi ya mtu mwingine.

Mama Dorca alikuwa kwenye sura ya nne. Huyu ndiye anayetuletea samaki kila Idi, ingawa yeye ni Mkristo, anakaa sebuleni kwangu akinywa chai. Pale kwenye ukurasa alikuwa akisimulia siku aliyosimama ufuoni na beseni tupu mpaka mashua ya mwisho, na alichodaiwa na mwenye mashua ili auziwe. Alisimulia alivyojiosha ziwani kabla ya kurudi nyumbani, na binti yake akamuuliza mbona ana mchanga kwenye nywele.

Jina lake lilikuwa pale, kamili. Na la binti yake.

Niliendelea kushusha kurasa.

Katika kazi ile yote nilibadilisha jina moja tu, la mwandishi. Nikafuta pia ukurasa wa shukrani, kwa sababu Hadiya alikuwa amenishukuru humo.

Majina ya akina mama sikuyagusa. Sitasema nilisahau. Yalikuwa mengi, yamesambaa kila ukurasa, na mimi nilikuwa na haraka.

Bildad alitimiza neno lake. Ijumaa jioni nilifika nyumbani na laptopu nyembamba, nyeusi, bado imevikwa nailoni. Hadiya aliishika kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Aliniuliza nimeipata vipi. Nikamjibu kuna mteja aliyefurahishwa sana na kazi yangu.

Akaniombea dua hapo hapo, ameinua mikono, kwamba Mungu anibariki kwa jasho langu. Binti yetu Afnan akaitikia amina.

Alipika pilau usiku ule. Nilimeza tonge mbili tatu, nikatoka uani nikarudisha zote. Walidhani ni malaria.

Kuanzia hapo nikawa na hofu moja. Ile laptopu kuukuu ikipona, Hadiya atawasomea wale mama, atabadilisha majina, atapeleka kazi chuoni, na siku moja kazi mbili zilezile zitakutana. Ikifa, kazi yake imekufa nayo, na ni moja tu itakayobaki duniani.

Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena. Ndiyo, hicho ndicho nilichowaza juu ya mke wangu.

Nikampigia Wangui. Nikamwambia tumeshapata mpya, asijisumbue tena, avunje ile auze vipuri, na diski aitupe kwa sababu imejaa takataka. Wangui alisema sawa, akakata simu.

Jioni Hadiya aliingia nyumbani hajavua hata viatu.

"Ulimwambia auze laptopu yangu?"

Kumbe Wangui hakuridhika. Alikuwa amempigia mwenyewe akamuuliza.

Nilisema nilidhani mpya inatosha. Nilisema nilitaka kumwondolea gharama. Hadiya alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, nami nikaona neno lingine linakuja.

"Na anasema ulichukua mafaili yangu kwa flashi."

Ulimi wangu haujawahi kushindwa hata siku moja. Ulisema wenyewe kwamba nilichukua ili kumhifadhia, maana fundi ni fundi, anaweza kuunguza diski ukalia. Nilikuwa nimpe siku yake ya kuzaliwa, nikasahau kumwambia.

Hadiya alikaa kitini. Uso wake ukalegea.

"Hukufungua?"

"Sikufungua."

"Baba Afnan, niliwaahidi wale mama."

"Najua. Sikufungua."

Nikampa flashi. Akaitia kwenye kitambaa, akaifungia kabatini. Halafu akanishukuru. Akasema mara nyingine anasahau kwamba mimi hufikiria mbele.

Nimewahi kujichukia maishani, lakini siku zote kulikuwa na mahali pa kupumzikia, kijisababu fulani cha kukalia. Siku ile sikupata. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikitafuta mahali pa kuanzia kujitetea, nikaona uso wangu umenenepa.

Siku tano zikapita. Nikaanza kuamini jambo lile limepita nazo.

Kisha Bildad akapiga simu.

Kazi ilikuwa imepokelewa chuoni. Tena imesifiwa. Ilisifiwa hata wanataka kuichapisha, na kabla ya hapo wanataka aje mbele ya jopo aitetee. Alikuwa hajaisoma. Alijaribu ukurasa wa kwanza akalala. Aliniomba nimfundishe, wikendi moja tu, nimweleze hao akina mama wanasema nini hasa.

Nikakataa. Nilimwambia mapatano yetu yalikuwa kuandika, na kuandika kumekwisha. Ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa naye mezani akila huku mimi namsomea mambo ya Mama Dorca.

Hakukasirika. Alicheka kicheko chake chenye chakula ndani.

"Sawa, Mwalimu. Wewe umechoka. Nitaenda Obunga mwenyewe, nipige picha nao kidogo, nitafute mtu huko anielezee."

Niliitupa simu kitandani. Sikufikiria zaidi. Nilijiambia ataenda, atapiga picha, atachafua viatu, atarudi.

Jumamosi iliyofuata, yapata saa tisa alasiri, Hadiya alirudi akiwa amebeba laptopu yake ya zamani kwapani. Alikuwa anatabasamu. Wangui alikuwa amefunga kile kipande cha Nairobi, akaosha bodi kwa spiriti, akaweka feni nyingine, na sasa ilikuwa inawaka bila kelele. Nje alikuwa ameisugua mpaka rangi yake halisi, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau, ikaonekana. Ilikuwa ya buluu.

Nyuma yake aliingia Mama Dorca.

Mama Dorca ni mwanamke mrefu, mikono imejaa alama ndogo za mafuta moto. Alinisalimia kwa heshima kama kawaida yake, akakaa, akaweka mfuko wa samaki miguuni. Akasema amekuja na Madam kwa sababu kuna neno jema.

Hadiya alilieleza huku akifungua ile laptopu mezani. Jana kuna bwana mmoja wa shirika alikuja Obunga na gari, anataka picha, anauliza maswali. Akasema anasoma uzamili na ameandika kitabu kizima juu yao. Akina mama wakashangaa. Mama Dorca akamwambia hapa anayejua mambo yetu ni Mwalimu Hadiya peke yake, amekaa nasi miaka mitatu. Akampa namba ya simu.

"Akanipigia leo asubuhi," Hadiya alisema. "Ana adabu sana. Anataka nisome kazi yake nimweleweshe mahali hajaelewa, kisha atanilipa. Baba Afnan, si ni jambo zuri? Mtu mwingine naye ameona hawa mama wana thamani ya kuandikwa."

Nilisema ndiyo.

Nilimshauri apumzike kwanza. Nilisema hakuna haraka, chai iko jikoni, Mama Dorca ametoka mbali. Nikasema hata hiyo laptopu isichoshwe, ndiyo kwanza imetoka kwa fundi, atumie ile mpya kesho.

"Hapana," Mama Dorca alisema. "Mimi nimekuja sababu ya hiyo. Kama huyo mtu ameandika mambo yangu, nataka kusikia ameandika nini. Madam, soma na sauti."

Hadiya akaunganisha intaneti kwa simu yake. Barua ya Bildad ilikuwa imeshafika. Akaibonyeza.

Mwanzoni alisoma kwa sauti kama alivyoombwa. Alisoma kichwa cha tasnifu, akatabasamu, akasema kumbe hata mada zetu zinakaribiana. Akasoma jina la Bildad. Akasoma mstari wa kwanza wa utangulizi, polepole, na alipofika nusu sauti yake ikaanza kushuka, kama redio inayoishiwa betri.

Akasogeza uso karibu na kioo.

Akashusha ukurasa. Akashusha tena. Kidole chake kilikuwa kinakwenda haraka, kinaruka sura nzima, kinajua kinakokwenda. Mahali fulani kikasimama.

"Ameandika nini?" Mama Dorca aliuliza.

Nilingoja Hadiya alie, au anitupie kitu, maana ningejua la kufanya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunga macho, akayafungua, akainuka na laptopu yake mikononi, akaja pale nilipokaa.

"Umesoma mara ngapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mara moja."

"Basi unajua iko wapi."

Aliiweka mapajani mwangu. Kioo kilikuwa kimefunguka kwenye sura ya nne, na jina lilikuwa juu ya ukurasa, kamili, vilevile nilivyoliacha.

"Niliwaahidi watasikia kwanza wao," Hadiya alisema. "Msomee Mama Dorca. Yote. Halafu umwambie nani mwingine ameshayasoma."

Mama Dorca alinitazama mimi, akamtazama Hadiya, akanitazama mimi tena. Kisha akauburuta mfuko wake wa samaki pembeni, akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akakunja mikono, akasubiri.